Samaki Ndani ya Mkoba

Uvumi ule haukubisha hodi. Ulimkuta Mama Vifungo ameinamia cherehani yake, pini zimejaa mdomoni, ukamwingia sikioni kabla hajapata nafasi ya kuuliza umetoka wapi. Walisema kwamba katika lile jengo la paa la bluu, nyuma ya hospitali kuu, wanafugwa samaki wadogo wenye milia wanaosafisha damu. Mgonjwa anammeza mmoja akiwa hai, na samaki akifika ndani anaila ile damu mbaya mpaka aimalize. Walisema kuna tajiri mmoja aliyekwisha kukatiwa tamaa na madaktari, akaletewa samaki huyo kwa siri ndani ya chupa ya maji, na sasa anacheza mpira na wajukuu.

Jina la tajiri hakuna aliyelijua. Kila aliyesimulia alisikia kwa mtu, naye huyo alisikia kwa mtu. Lakini maneno yalikuwa matamu, na maneno matamu hayaombwi kitambulisho.

"Na wewe mwenzetu umekaa kimya kabisa," alisema Mama Redio, muuza ndoo na mabeseni wa chumba cha pili. Aliitwa hivyo kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. "Mwanao ndiye anayewalisha hao samaki. Sisi tunakufa na presha hapa mlangoni pako, wewe unatushonea vifungo."

Mama Vifungo alitoa pini mdomoni, akazichomeka moja moja kwenye kimto cha pini. Alikuwa na hamu ya kujibu. Ukweli ni kwamba hakujua binti yake alifanya nini katika lile jengo. Alijua ni samaki, na hilo peke yake lilikuwa limemtosha kwa aibu. Mtaa mzima ulimwona akishona sare za shule usiku na mchana ili Msomi, kama walivyomwita mtoto huyo tangu alipoanza kuvaa miwani, afike chuo kikuu. Wote walitegemea daktari mwenye vipimo shingoni. Alipopata kazi kwenye samaki, watu hawakumhurumia. "Kasoma mpaka macho yakaisha, kaishia kulisha dagaa." "Daktari wa Dagaa, hajambo?" Mama Vifungo alicheka nao ili wasimcheke zaidi, na mtu mgeni akimuuliza kazi ya bintiye alijibu, "Yuko hospitali," kisha akageuza mazungumzo haraka, kama mtu anayekunja nguo upande ulioharibika uende ndani.

Sasa ghafla dagaa walikuwa wamegeuka dhahabu. Wanawake waliosimama mlangoni walikuwa wakimtazama kwa macho ambayo hajawahi kutazamwa nayo. Mteja mmoja alimwachia kiti.

"Mambo ya kazini kwa mwanangu siyaleti dukani," alisema, akatabasamu.

Hakukubali, hakukataa. Alitabasamu tu. Lakini Mama Redio alikuwa na kipaji cha kusoma tabasamu, na kabla jua halijapinda mtaa wote ulikuwa umeambiwa kwamba mama mzazi mwenyewe amekiri.

Siku ile Mama Vifungo alishona huku akiimba chinichini. Uvumi ulimganda kama uzi kwenye sketi ya sufu. Kila alipotaka kuupangusa, aliukuta upo upande wa pili.

*

Siku chache baadaye mdogo wake alikuja mchana, peke yake. Alisimama mlangoni akauzungusha mtandio mkononi kama anayekamua nguo.

"Nyusi umemwacha na nani wodini?" aliuliza Mama Vifungo.

Nyusi alikuwa mtoto wa pekee wa mdogo wake. Jina lilitokana na zile nyusi nene alizozaliwa nazo, ambazo wakunga walizicheka kwamba mtoto ametoka tumboni amekasirika. Mtoto huyo alikuwa na saratani ya damu. Alikuwa ameanza kutibiwa wodi ya watoto, na daktari alikuwa amesema safari ni ndefu lakini njia ipo.

"Yuko nyumbani. Amelala."

"Wamempa ruhusa?"

"Nimejipa mwenyewe."

Cherehani ilisimama. Mdogo wake akaketi juu ya furushi la vitambaa bila kukaribishwa, akaanza kusema huku akitazama sakafu.

"Wewe dada hujaona. Wakimtundikia ile dawa anatapika mpaka nyongo. Mdomo wote vidonda, hata uji haupiti. Nywele zimekwenda. Juzi nikamnawisha uso, zile nyusi zikabaki kwenye kitambaa. Nikazitazama nikajiuliza, sasa mtoto huyu nitamwita nani?"

"Daktari anasemaje?"

"Anasema tusikatishe. Kila siku wimbo ni huohuo, tusikatishe. Siku ya dawa imepita, sikumpeleka."

"Uliwezaje kufanya hivyo bila kuniambia?"

"Nimefanya kwa sababu yako." Mdogo wake akainua macho. "Mama Redio alinisimulia. Nikamwambia hayo ni porojo. Akasema, haya, nenda kamuulize dada yako, mimi nimemuuliza akatabasamu. Nikatulia. Nikasema, namjua dada yangu, si mtu wa kutabasamia uongo. Nipatie mmoja tu, dada. Mdogo kabisa. Hata mwenye kilema."

Hapo ndipo Mama Vifungo alipopaswa kusema maneno mawili tu: mimi sijui. Alikuwa nayo ulimini. Lakini kuyasema ni kuutoa ule utamu wote mdomoni mbele ya mtu aliyemheshimu tangu utotoni. Na tena, nani alijua? Labda ilikuwa kweli. Jengo kubwa namna ile, na walinzi getini, na mashine zinazonguruma mchana kutwa, wangeweka yote hayo kwa ajili ya samaki wa bure?

"Nivumilie kidogo," alisema. "Nitaona."

"Mungu akuweke, dada."

Akabusiwa mkono. Mkono ulibaki unawasha.

*

Kituo cha utafiti kilikuwa na siku yake ya kukaribisha ndugu za wafanyakazi. Msomi alikuwa amemwalika mama yake kila ilipokuja, na kila mara mama alipata udhuru: sare za shule, magauni ya harusi, mgongo. Safari hii mama mwenyewe ndiye aliyesema, "Nitakuja."

Msomi alishangaa hata miwani ikamteremka puani. Kisha akachukua pasi, akamnyooshea mama yake gauni lile la kijani, pindo kwa pindo, yeye ambaye tangu utoto alichukia pasi.

"Usijipake manukato, mama. Na chumbani mwako usipulize dawa ya mbu. Samaki hawavumilii vitu hivyo."

"Samaki wanachagua mgeni kuliko bibi harusi," alisema Mama Vifungo.

Binti alicheka. Mama hakucheka. Ndani ya mkoba wake, katikati ya futi ya kupimia na chaki, alikuwa ameficha chupa ya plastiki aliyoiosha vizuri akaijaza maji ya bomba.

Mlangoni walimvua viatu, wakampa vya plastiki, wakamkanyagisha kwenye mkeka uliolowa dawa. Msomi alimnawisha mikono kwa maji matupu, akamfunga joho jeupe kwa nyuma. Alilifunga vizuri, fundo la kuteleza, lile alilofundishwa na mama yake chini ya meza ya kukatia.

Chumba cha samaki kilikuwa na joto la jikoni na unyevu wa bafuni. Rafu za chuma zilipanda mpaka karibu na dari, na kila rafu ilibeba matangi ya plastiki angavu, yamepangwa bega kwa bega, maji yakitiririka kutoka bomba dogo juu ya kila moja. Ndani yake walikuwa samaki wasiozidi kidole cha mwisho, wa rangi ya fedha na milia ya buluu iliyonyooka kuanzia shavuni hadi mkiani. Mama Vifungo, ambaye alikuwa amekata vitambaa vya milia maisha yake yote, alijua jinsi ilivyo taabu milia kuonana kwenye mshono. Kwa hawa ilionana bila fundi.

"Wanaitwa samaki pundamilia," alisema Msomi. Alipitisha kidole mbele ya tangi, samaki wote wakakimbilia kidole. "Wananijua. Wanadhani kila nikija nimeleta chakula. Taa zikiwaka asubuhi ndipo wanapotaga, kwa hiyo na mimi nawahi."

"Ndiyo maana unaondoka kabla sijaamka."

"Ndiyo maana, mama. Wewe ulidhani naenda wapi?"

Mama alikuwa akitazama vibandiko. Matangi mengi yalikuwa na vibandiko vya kijani, lakini rafu ya pembeni ilikuwa na vyekundu. Nyekundu ni damu, alijiambia. Wale ndio wenyewe.

Mtu aliita mlangoni. Msomi akasema, "Nisubiri hapa, nakuja," akaenda kuwapokea ndugu wa wenzake. Wavu mdogo ulining'inia ubavuni mwa rafu. Mama Vifungo hakuutazama kwa muda mrefu. Mkono uliokuwa umezoea kupenyeza uzi kwenye tundu la sindano ulishika wavu, ukazama, ukaibuka na samaki mmoja anayepiga mkia hewani, ukamtia chupani. Kifuniko kikafungwa. Mkoba ukafungwa. Moyo wake ulikwenda mbio kuliko cherehani ya umeme.

*

Msomi aliporudi alimchukua chumba cha pili, akamketisha mbele ya hadubini. "Funga jicho moja, kama unavyotunga sindano."

Mama Vifungo alifunga jicho. Mwanzoni aliona ukungu. Kisha ukungu ukatulia, akaona kitu kilicholala kama koma kubwa, angavu kama kioo, chenye jicho jeusi. Kilikuwa mtoto wa samaki, aliyetoka kwenye yai hivi karibuni. Ngozi haikuficha kitu. Moyo ulionekana ukipiga, na kutoka moyoni damu ilikimbia ndani ya mishipa, punje kwa punje, kama shanga nyekundu zinazovutwa kwenye uzi. Zilikwenda mpaka mkiani, zikageuka, zikarudi.

Alitazama kwa muda mrefu. Alikuwa ameshawahi kuona damu ya kuzaa, ya kidole kilichochomwa na sindano, na ya mtoto aliyeanguka. Hajawahi kuiona ikiwa kazini.

"Sasa mtazame huyu," alisema Msomi, akabadilisha kisahani.

Huyu wa pili alikuwa kama wa kwanza, jicho lile lile, moyo ule ule unaopiga. Lakini mishipani hapakuwa na shanga hata moja. Moyo ulisukuma maji meupe.

"Damu yake iko wapi?"

"Hana. Jeni moja imeharibika, ile inayoamuru damu itengenezwe. Anaishi siku chache kwa sababu ni mdogo, anavuta hewa kutoka kwenye maji kupitia ngozi. Mtoto wa binadamu asingeweza. Ndiyo maana tunawatumia hawa. Tunaona kosa likitokea, tunaona lilipotokea."

"Jeni ni nini?"

Msomi alifikiri kidogo. "Ni kama ile karatasi yako ya mchoro, mama. Ile ya kukatia. Ukikosea kitambaa, umeharibu nguo moja. Ukikosea karatasi, kila nguo utakayokata itatoka na kosa lile lile. Sasa damu inashonwa ndani ya mifupa, huko ndiko karakana iliko. Kila siku zinatoka nguo mpya, zilizokamilika, zinaingia kazini. Saratani ya damu ni karatasi iliyoharibika. Karakana inakata, inakata, inakata, haimalizi kushona. Vipande visivyo na mikono wala kola vinajaa meza, vinajaa sakafu, vinaziba mlango. Mpaka nguo nzima inakosa pa kutokea."

Mama Vifungo aliinua uso kutoka kwenye hadubini. Alikuwa amesikia madaktari wa Nyusi wakieleza mara nyingi, naye akaitikia kwa kichwa asielewe hata kidogo. Sasa alikuwa ameelewa yote. Na kilichomgusa si ule uelewa. Ni kwamba mtoto wake alikuwa ameibeba meza ya kukatia, na chaki, na karatasi za michoro, akaviingiza katika chumba hiki cheupe, akavitumia kila siku bila kumwambia mtu.

Wakati huo aliingia mkuu wa maabara, mzee mwembamba mwenye sauti ya chini. Alimwamkia Mama Vifungo kwa heshima, akasimama nyuma ya kiti cha Msomi.

"Huyu wa pili uliyemwona, mama, asiye na damu, aligunduliwa na binti yako. Mayai yale yalitoka meupe, sisi sote tungesema yameoza, tukamwaga. Yeye akasema tusubiri, akayaweka chini ya hadubini moja moja. Sasa tuna jeni ambayo hatukujua kazi yake. Alijifunza wapi kutotupa?"

"Sijui," alisema Mama Vifungo, ingawa alijua. Nyumbani kwake hata kipande cha kitambaa cha upana wa kiganja hakitupwi. Kifua kilimjaa. Alitaka mtaa wote uwe umesimama mlangoni, na Mama Redio mbele kabisa. Na ndani ya furaha ile akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikia sifa zaidi, "Na wale wanaotibu, ndio wale wenye vibandiko vyekundu?"

"Wanaotibu nani?" aliuliza Msomi.

"Wagonjwa. Wale wanaomezwa."

Msomi na mkuu wake walitazamana. "Mama, hakuna samaki anayemezwa. Wale wenye vibandiko vyekundu ndio wagonjwa wenyewe. Tumewatia kosa kwenye karatasi kwa makusudi, wana saratani ya damu. Tunawatilia dawa kwenye maji tuone ipi inairudisha karakana kwenye kazi. Hawaponyi mtu. Wao ndio wanaosubiri kuponywa."

Mkoba ulikuwa magotini. Mama Vifungo alihisi uzito wake kama amepakata mtoto wa mtu. Angeweza kunyamaza, akatoka nao, akautupa njiani. Wazo hilo lilimjia, likakaa, akalitazama usoni. Kisha akafungua zipu.

Samaki alikuwa amelala ubavu juu ya maji, anafungua mdomo polepole. Milia ilikuwa bado imenyooka.

"Maji ya bomba," alisema Msomi kwa sauti ndogo. "Yana dawa ya kusafishia. Hawayawezi."

"Mama huyu alijua ni wizi?" aliuliza mkuu wa maabara. Hakumuuliza mama. Alimuuliza Msomi, kana kwamba mama hayupo chumbani, na hilo liliuma kuliko kofi.

"Nilijua," alijibu Mama Vifungo mwenyewe. "Mwanangu hakujua kitu. Usimwangalie yeye, niangalie mimi."

Mzee alimwangalia. "Samaki akishatoka kwenye mfumo wetu harudi, anaweza kuwaambukiza wengine. Huyu ni wa kundi lililochukua muda kulipata." Akamgeukia Msomi. "Utalitolea taarifa kwa uongozi. Na mpaka nitakaposema, huingizi mgeni."

"Sawa, mwalimu."

Ndugu wa wafanyakazi wengine walikuwa wamesimama mlangoni, shingo ndefu. Msomi alichukua chupa, akamlaza samaki kwenye maji ya barafu ili afe bila kuteseka, kama utaratibu wao ulivyo, akasubiri mpaka mashavu yalipotulia. Hilo ndilo lililomvunja mama.

"Nilimchukua kwa ajili ya Nyusi," alisema. "Mama yake amemtoa wodini. Amekatisha dawa. Anasubiri samaki."

Msomi alivua glavu. "Anasubiri tangu lini?"

"Siku ya dawa imeshapita."

"Basi kwa nini bado tumesimama hapa?"

Mkuu wa maabara ndiye aliyewafungulia mlango.

*

Walimkuta Nyusi kwenye mkeka, macho makubwa katika uso usio na nyusi, ngozi rangi ya majivu. Paji la uso lilikuwa moto. Mto ulikuwa na madoa ya damu iliyotoka kwenye fizi. Mdogo wake Mama Vifungo aliruka kutoka kwenye kigoda, akautazama mkoba kabla ya kumtazama mtu.

"Umempata?"

"Hakuna samaki," alisema Mama Vifungo.

"Wamekunyima?"

"Hakuna anayetibu, mdogo wangu. Hajawahi kuwepo. Nilikuwa sijui kitu, nikatabasamu kwa sababu watu walinitazama vizuri."

Mdogo wake alisimama katikati ya chumba kama mtu aliyeambiwa nyumba si yake. "Ulitabasamu," alisema. "Mimi nimemnyima mtoto dawa kwa ajili ya meno yako."

Mama Vifungo alilipokea neno hilo. Hakuwa na pa kulikwepea. Msomi alitaka kuingilia, mama akamzuia kwa mkono. Akapiga magoti kwenye sakafu mbele ya mdogo wake, akavuta mkoba, akatoa chaki na futi. Akachora karakana sakafuni. Akachora meza, mlango, karatasi ya mchoro yenye kosa. Akaeleza vipande visivyo na kola vinavyoziba njia, na kwamba ile dawa inayomtapisha mtoto ndiyo fagio. Fagio halichagui sana, linazoa na vizuri pia, ndiyo maana nywele zinakwenda. Lakini ukilisimamisha katikati, takataka zilizobaki zinajua njia, zinajaa tena, safari hii kwa hasira.

"Nani amekufundisha haya?" aliuliza mdogo wake.

"Daktari wa Dagaa," alisema Mama Vifungo, akamwonyesha Msomi kwa kidevu.

Lilikuwa lile lile jina la dharau. Safari hii alilitamka kama mtu anayemtaja waziri.

Msomi alikuwa ameketi mkekani na simu mkononi, anamwonyesha Nyusi picha inayotembea: samaki wa kioo, damu ikikimbia mpaka mkiani.

"Hana nguo ya ndani," alinong'ona Nyusi. "Kila kitu kinaonekana."

"Ndiyo maana tunampenda. Hajui kuficha."

"Na yeye anapewa dawa?"

"Wenzake wanapewa. Wanaogelea ndani yake."

"Wanatapika?"

"Sijawahi kuwaona."

Mtoto alifikiri. "Wana bahati. Twende na mimi nikaogelee."

Mama yake alikuwa tayari anatafuta viatu.

*

Wodini muuguzi mkuu hakuwapokea kwa maua. Aliwaweka kwenye benchi mbele ya watu wote, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye foleni ya dawa, "Mmeshiba miujiza, sasa mmetukumbuka." Mama Vifungo aliinamisha kichwa. Alipotaka kujieleza, muuguzi alimwambia, "Mama, wewe ni nani kwa mtoto?" Akajibu, "Mama mkubwa." "Mama mkubwa asubiri nje." Akasubiri nje. Alistahili benchi, na aliikalia.

Lakini yule yule muuguzi ndiye aliyempata mshipa wa Nyusi bila kumliza, baada ya wengine kushindwa. Homa ilikaa, ikawatesa, kisha ikaanza kushuka. Daktari alisema pengo la dawa limewarudisha nyuma, na wataanza upya hatua waliyoiacha. Hakuahidi kitu. Mdogo wake Mama Vifungo alisema hivyo ndivyo anavyompenda sasa, mtu asiyetabasamu ovyo.

Msomi alitoa taarifa kwa uongozi, akakemewa, akarudi kwenye matangi yake alfajiri kama kawaida. Jioni moja alimletea mama yake habari: dawa mojawapo waliyoitia kwenye maji imewafanya wale wa vibandiko vyekundu wachangamke. Ni mapema, alisema, njia kutoka kwenye tangi mpaka kwenye dripu ya mtoto ni ya miaka, na nyingi hufia njiani. Mama Vifungo hakumwambia mtu yeyote. Ilimchoma kifuani kama kaa la moto, aliibeba dukani kutwa nzima, Mama Redio akiwa ameegemea mlango, naye akafumba mdomo kwa pini zote alizokuwa nazo.

Alichosema ni kingine. Kila mteja aliyekuja kwa kisingizio cha kifungo alimwambia, "Wale samaki hawatibu mtu. Niliwaacha mkaamini uongo kwa sababu ulinipendeza." Wengine walimcheka. Mteja yule aliyewahi kumwachia kiti alikikalia mwenyewe. "Kumbe ni dagaa tu," alisema.

"Ni dagaa," alijibu Mama Vifungo, bila kuinua macho kwenye mshono. "Na mwanangu anaisoma damu yao ikitembea. Wewe wa kwako anasoma nini?"

Kisha akachukua chaki ya kukatia, akaandika kwenye mlango wa duka, upande wa nje, kwa herufi za mtu aliyeishia shule ya msingi, kubwa na zilizonyooka. Mama Redio aliyasoma kwa sauti, kwa kuwa hakujua kusoma kimoyomoyo:

EPUKA kumtoa mgonjwa wodini bila daktari kusema.

EPUKA kuruka siku ya dawa, hata moja, hata akitapika. Mwambie daktari anatapika.

EPUKA dawa ya siri inayoletwa kwenye chupa.

EPUKA habari ya tajiri asiye na jina.

EPUKA kutabasamu unapoulizwa usichokijua. Sema sijui.

EPUKA kuona haya kwa kazi ya mwanao kabla hujamuuliza anafanya nini. Muulize.